Kivuli Machakos: Mti upi ufaao ua wa nyumba?

MVUA za vuli zinapokaribia, kingo za barabara zinazoingia mjini Machakos hujaa miche iliyopangwa safu kwa safu katika vifuko vyeusi vya plastiki. Iko mikima, mijakaranda, miembe, miparachichi na ile miti ya mwavuli yenye matawi yaliyopangika kama rafu. Mtu aliyemaliza kujenga nyumba yake juzi husimamisha gari, akaulizia mche unaokua upesi au wenye maua ya kuvutia, kisha akaondoka na miche kumi. Si jambo la nadra kumi hiyo kusalia miwili ifikapo Machi.

Mara nyingi kosa haliko katika mkono wa mpanzi. Liko katika hesabu ya maji, ambayo wengi huanza kuifanya baada ya kupanda. Mche wa mti wa kivuli huhitaji takriban lita 20, yaani mtungi mmoja, katika kila wiki isiyo na mvua kwa miaka miwili ya kwanza. Machakos hupata kiangazi mara mbili kwa mwaka: kuanzia Januari hadi katikati ya Machi, na kuanzia Juni hadi katikati ya Oktoba. Hizo ni wiki 30 hivi, sawa na mitungi 30 kwa mwaka kwa mche mmoja tu. Miche kumi ni mitungi 300. Katika mtaa ambako maji huletwa kwa mkokoteni na kulipiwa kwa mtungi, hakuna familia itakayoendelea kunywesha mti ilhali maji ya kupikia hayajapatikana.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa mwenye nyumba si miti mingapi, bali ni mti upi, na upandwe wapi. Ploti ya futi 50 kwa 100, ikishatolewa nyumba, njia ya gari, tangi la maji na shimo la maji taka, ina nafasi ya mti mkubwa mmoja, pengine na mwingine mdogo. Mti huo mmoja utasimama hapo kwa miaka 40 au zaidi. Ukichaguliwa vibaya, ama utakufa mapema, ama utaishi na kuipasua nyumba.

Vilima vilivyokuwa vipara

Miti mingi inayoonekana leo mashambani katika miteremko ya Iveti, Mua na Kangundo haikusalia kutoka msitu wa asili. Ilipandwa, au iliachwa kwa makusudi, na wenyeji. Katika miaka ya 1930, wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, ilisifika kwa ubaya wa mmomonyoko wa udongo. Mwaka 1937 afisa wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti iliyoeleza jinsi ardhi ya Ukambani ilivyoharibika. Jawabu la serikali lilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu, na mwaka 1938 Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu walielekea Nairobi kupinga hatua hiyo.

Zaidi ya nusu karne baadaye, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walilinganisha picha zilizopigwa mwaka 1937 na nyingine zilizopigwa mahali palepale mwaka 1991. Katika kitabu chao cha 1994 walionyesha kwamba idadi ya watu ilikuwa imepanda kutoka karibu 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwishoni mwa miaka ya 1980. Hata hivyo miteremko iliyokuwa wazi ilikuwa na matuta ya fanya juu, na miti ilikuwa imeongezeka badala ya kupungua.

Kwa mwenye ploti ndogo mjini, jambo la kuzingatia katika habari hiyo ni mahali miti ilipopandwa. Mkulima wa Machakos hakuuweka mti popote. Aliuweka kwenye ukingo wa tuta au kando ya mfereji, mahali ambapo maji ya mvua hukusanyika yenyewe. Uani pia pana mahali kama hapo: chini ya mteremko wa ua, mkabala na bomba linalotoa maji yaliyofurika kutoka tangi, au ambapo maji ya kuoshea vyombo yanaweza kuelekezwa kwa mtaro mdogo. Mti uliopandwa hapo hupata maji mengine pasipo mtu kubeba mtungi.

Jua la saa tisa

Mji wa Machakos uko karibu nyuzi 1.5 kusini mwa ikweta. Jua hupita juu ya utosi katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba. Mwezi Desemba huegemea kusini na mwezi Juni huegemea kaskazini. Adhuhuri, kwa hiyo, kivuli cha mti huanguka chini ya mti wenyewe, wala mti ulio mbali na nyumba hauwezi kulifunika paa la mabati wakati huo. Unachoweza kufunika ni ukuta, na ukuta unaoumia zaidi ni ule wa magharibi, unaopigwa na jua kuanzia saa nane hadi jioni na kulitoa joto hilo vyumbani usiku.

Mti wa kivuli basi hufaa zaidi upande wa magharibi au kusini-magharibi mwa nyumba. Upande wa kaskazini ni afadhali uachwe wazi. Machakos iko kwenye kimo cha mita 1,600 hivi, na Julai huwa na baridi na mawingu. Jua dogo linalopatikana mwezi huo hutoka kaskazini, na mti wenye majani mazito upande huo huifanya nyumba kuwa ghala.

Umbali kutoka nyumba ndilo jambo linalopuuzwa kuliko yote, kwa kuwa mche wa futi moja hauonyeshi utakavyokuwa. Mti mdogo upewe mita nne au tano kutoka ukutani, wa wastani mita sita hadi nane, na mkubwa mita kumi au zaidi. Shimo la maji taka na mabomba yapewe nafasi hiyohiyo, maana mizizi huyafuata maji. Chini ya nyaya za umeme usipandwe mti wowote unaopita kimo cha paa.

Liko pia suala la tangi. Nyumba nyingi za Machakos hukinga maji ya mvua kutoka paani. Paa la mita 100 za mraba likinyeshewa milimita 10 hupokea lita 1,000. Tawi linaloning'inia juu ya paa hilo huangusha majani, maua na kinyesi cha ndege ndani ya mifereji, na maji yanayofika tangini huwa ya rangi ya chai.

Udongo wa aina mbili

Kaunti hii ina nyuso mbili. Kwenye vilima vya Kathiani, Kangundo na viunga vya mji wa Machakos, udongo mwingi ni mwekundu, hupitisha maji vyema, na miti ya aina nyingi hustawi. Katika nyanda za Kapiti, Athi River, Mlolongo na Syokimau, ambako nyumba mpya zimesongamana, udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi.

Juu ya udongo huo mweusi, mti mkubwa ulio karibu na nyumba huwa hatari maradufu. Mizizi hunyonya unyevu chini ya msingi, udongo husinyaa upande mmoja, na ufa huanza kwenye pembe ya dirisha. Mwenye nyumba hulaumu fundi. Wataalamu wa ujenzi hupendekeza ama msingi wenye kina kirefu, ama mti uwekwe mbali kuliko kawaida. Aidha, shimo la kupandia lililochimbwa katika udongo huo hugeuka kuwa bakuli wakati wa mvua na mche huoza mizizi. Huko mche hupandwa juu ya kichuguu kidogo, si ndani ya shimo lenye kina.

Upande wa Yatta na Masinga, ardhi huteremka na joto huzidi. Miti inayosuasua mjini Machakos kwa sababu ya baridi, mwarobaini ukiwa mmojawapo, hustawi huko.

Miti yenyewe

Muthulu, unaojulikana kitaalamu kama Croton megalocarpus, ungestahili kutajwa wa kwanza hata kama miche yake ingekuwa adimu vitaluni. Ni mti wa asili wa Kenya, hukua haraka, hutanda juu kama meza na kuacha nafasi ya kukaa chini. Majani yake ni machungu na mbuzi hawayataki, faida ambayo mtu asiye na ua imara ataithamini. Wakati wa kiangazi kikali hupunguza majani ili kuhifadhi maji, na majani hayo yakianguka huwa mbolea. Kasoro yake ni ukubwa. Unaweza kupita mita 15, hivyo haufai ploti ambayo haina mita kumi za wazi.

Kwa ploti ya kawaida, muuku, au Terminalia brownii, huenda ukafaa zaidi. Huu nao ni mti wa nchi kavu ya Ukambani. Huwa wa wastani, una majani mapana na matawi yanayoinama kidogo pembeni, na ukishashika huvumilia ukame bila kunyweshwa. Binamu yake kutoka Madagaska, Terminalia mantaly, ndio ule mti wa mwavuli unaouzwa kila mahali. Ni mzuri wa umbo na kivuli chake ni chepesi, kiasi kwamba nyasi huota chini yake. Wapandaji husahau tu kwamba hauna ustahimilivu wa muuku. Miaka miwili ya mwanzo hauhurumii anayesahau kuunywesha.

Mukima, yaani Grevillea robusta, ulitoka mashariki mwa Australia na kuingia Afrika Mashariki kama mti wa kivuli katika mashamba ya chai na kahawa. Wakulima wa Machakos wanaupenda kwa mbao na kuni, na kwa jinsi unavyochipua ukikatwa matawi. Uani, hata hivyo, una mambo matatu ya kufikiriwa. Umbo lake ni la kwenda juu kuliko kutanda, kwa hiyo kivuli chake ni chembamba. Matawi yake huvunjika kwa upepo. Majani yake huanguka karibu mwaka mzima na ndiyo hasa yanayoziba mifereji ya paa. Isitoshe, utafiti uliofanywa Machakos katika miaka ya 1990 na kituo cha kimataifa cha kilimo-msitu, ICRAF, ulionyesha kwamba mahindi yaliyopandwa pamoja na mikima yalipungua sana kadiri miti ilivyokomaa, kwa kuwa ilitangulia kuyanywa maji ya udongo. Anayetaka sukumawiki uani aupande mukima mpakani, mbali na bustani.

Mwembe ndio chaguo la familia nyingi, na si vigumu kuelewa kwa nini. Machakos ni miongoni mwa kaunti zinazotoa maembe kwa wingi nchini, majani ya mwembe hayapukutiki, na kivuli chake ni kizito kuliko cha mti mwingine wowote katika orodha hii. Mche uliobebeshwa, wa aina kama Apple, Kent au Tommy Atkins, huwa mfupi na huzaa mapema kuliko uliotokana na kokwa, ingawa wa kokwa ndio unaokuja kuwa mti hasa wa kukalia. Tatizo ni matunda yaliyooza chini. Nzi wa matunda aliyetoka Asia aligunduliwa nchini Kenya mwaka 2003, na tangu hapo kila embe linaloachwa kuoza uani huzalisha nzi wanaoshambulia miembe ya jirani. Mwenye mwembe hana budi kuokota yaliyoanguka kila siku na kuyazika kwa kina, au kuyafungia katika mfuko mweusi na kuuanika juani mpaka funza wafe. Anayejua kwamba hataifanya kazi hiyo achague mti usiozaa.

Mparachichi huhitaji maji mengi kuliko mwembe na hufaa zaidi vilimani kuliko nyandani. Penye nafasi ndogo kabisa, mtomoko hutoa kivuli cha kutosha viti vitatu pamoja na matunda.

Mukau, Melia volkensii, ni mti wa thamani kubwa kwa mbao, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu nchini, KEFRI, ikishirikiana na Japani, imeanzisha mashamba ya mbegu bora Kitui na Kibwezi. Mbegu yake ni ngumu kuotesha: kokwa lazima lipasuliwe, mbegu ichanjwe ganda na kulowekwa. Ni afadhali kununua mche. Kama mti wa kivuli una kasoro moja, kwamba hupukutisha majani yote kwa vipindi, ijapokuwa huchipua tena kabla ya mvua kuanza, wakati miti mingine bado ni mikavu.

Mgunga ambao Wakamba huuita mulaa una kivuli cha mwavuli kinachopendwa na wapiga picha. Miiba yake hupendwa kidogo na wenye watoto na wenye magari. Katika udongo mweusi wa Athi River, mgunga wenye gome la njano hustahimili maji yaliyotuama na nyufa za kiangazi pale ambapo mukima hunyauka, na kwa wakazi wa huko hiyo ni sababu tosha ya kuvumilia miiba.

Muumo, mtini ambao Wakamba wa kale waliuheshimu katika mahali pao pa ibada, hupandwa kwa kipande cha tawi na huishi miaka mingi. Mahali pake ni uwanja wa shule, wa kanisa au wa baraza la chifu. Mizizi yake na ya jamii yake yote, pamoja na ile mitini ya mapambo inayouzwa katika vyungu, haipatani na kuta wala mabomba.

Mkaratusi usifikiriwe katika ploti. Sifa yake ya kunywa maji ndiyo iliyomfanya aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, kuagiza mwaka 2009 uondolewe kandokando ya mito na chemchemi. Mathenge nao uachwe kabisa. Uliletwa katika nchi kavu za Kenya kuzuia jangwa, ukaishia kuvamia malisho ya Baringo hadi wakazi wa Ilchamus wakaishtaki serikali.

Kupanda

Katika Ukambani mvua za vuli, zinazoanza mwishoni mwa Oktoba, ndizo za kutegemewa kuliko za masika. Eneo la Katumani, karibu na mji, hupata takriban milimita 700 kwa mwaka, na Novemba ndio mwezi wenye mvua nyingi. Serikali ilipotangaza Novemba 13, 2023 kuwa siku ya mapumziko ya kupanda miti, katika mpango wake wa miti bilioni 15 kufikia 2032, Machakos ilikuwa tayari katikati ya msimu wake. Mche unaopandwa tarehe hiyo hupata mwezi mmoja hivi wa mvua kabla ya kiangazi. Ni heri wiki mbili mapema.

Shimo lichimbwe Septemba, wakati ardhi ni kavu na kazi ni ngumu, ili jua liupige udongo na mvua ya kwanza iingie ndani. Katika udongo mwekundu, upana na kina cha sentimita 60 vinatosha. Udongo wa juu uwekwe kando na ule wa chini, kisha wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza vizuri na kurudishwa kwanza. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuwaita mchwa.

Mche bora si mrefu kuliko wote kitaluni. Uliorefuka sana ndani ya kifuko kidogo mara nyingi mizizi yake imejizungusha chini kama kamba, na mti wa namna hiyo hung'oka kwa upepo baada ya miaka mitano, wakati hakuna anayekumbuka kifuko. Mnunuzi ainue kifuko atazame chini. Mzizi mnene uliotokeza nje na kujikunja ni sababu ya kuuacha. Wakati wa kupanda, kifuko kichanwe na kuondolewa kabisa, na mizizi iliyojikunja ikatwe kwa wembe.

Udongo usijazwe hadi juu. Iachwe beseni ya sentimita kumi kuuzunguka mche ili maji yasimame, isipokuwa katika udongo mweusi kama ilivyoelezwa. Nyasi kavu zitandazwe juu ya udongo kuzuia unyevu usipotee, lakini zisiguse shina. Machakos ina mchwa wengi, na nyasi zilizolundikwa shinani huwa daraja lao. Mche wenye kiu ndio mchwa huuanza, kwa hiyo mtungi wa kila wiki ni kinga kuliko majivu yanayomwagwa na wengi.

Maji yamwagwe yote kwa mara moja, jioni, polepole, badala ya kikombe kimoja kila siku. Maji kidogo ya kila siku huifanya mizizi ibaki juu, na kiangazi kikija huikuta hapo. Wasio na muda hutoboa tundu dogo sana chini ya chupa ya plastiki ya lita mbili, wakaizika nusu kando ya mche na kuijaza.

Baada ya miaka miwili, mti wa nchi kavu kama muuku au muthulu huachwa ujitegemee. Mwembe huendelea kunyweshwa mwaka wa tatu.

Kupogoa hufanywa wakati wa kiangazi, kabla ya chipukizi mpya. Kilele kisikatwe, ingawa ndicho fundi wa mtaani hukimbilia. Mti uliokatwa kichwa hutoa matawi mengi dhaifu yanayovunjika. Yanayoondolewa ni matawi ya chini, machache kila mwaka kuanzia mwaka wa tatu, yakikatwa karibu na shina bila kulijeruhi gome, hadi tawi la chini kabisa liwe kwenye kimo cha mita mbili na nusu, ambapo mtu mzima hupita bila kuinama na meza hutosha chini yake.